Kabla Taa Nyekundu Haijawaka: Maswali Yenu Kuhusu Kutengeneza Albamu na Prodyuza

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa waimbaji wanaojitungia nyimbo wenyewe, wengi wao wapiga gitaa, ambao wako mbioni kutengeneza albamu. Tumezipanga kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe, kuanzia daftari hadi masta, yaani rekodi iliyokamilika. Barua zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nina nyimbo 23 kwenye daftari, na nyingi nimeshazipamba kwa ngoma na vinanda kwenye kompyuta. Prodyuza niliyempata ameniambia nizirekodi zote upya kwa simu, sauti na gitaa tu, ndipo tukae. Naona ananirudisha nyuma. Yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Yuko sahihi kabisa, na ukipata prodyuza anayeanza hivyo mshike. Anataka kuusikia wimbo kabla ya mapambo yake. Ngoma na vinanda huficha mengi: ubeti uliorefuka kupita kiasi, kiitikio kisichopanda, mstari ambao maneno yake hayakai juu ya mapigo. Ukibaki na gitaa na sauti, penye udhaifu panajionyesha penyewe. Wakati huo kurekebisha ni kazi ya kalamu na dakika kumi. Wimbo ukishajengewa ala kumi na tano, kurekebisha ni kubomoa.

Simu iweke mezani kiasi cha mita 1 kutoka ulipoketi, ielekee katikati ya kinywa na gitaa. Taja jina la wimbo, kisha uimbe mwanzo hadi mwisho bila kukatisha, hata ukikosea. Baada ya hapo kila wimbo uandikie mambo matano: kasi yake kwa mapigo ya dakika, ufunguo (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), urefu, unahusu nini kwa sentensi moja, na kiitikio cha kwanza kinaingia sekunde ya ngapi. Zikishakaa zote 23 kwenye ukurasa mmoja utaona jambo ambalo sikio peke yake halikuonyeshi. Pengine nyimbo 9 zote ziko kati ya mapigo 72 na 78, tena kwa ufunguo wa G, kwa sababu vidole vyako vimeuzoea. Hizo zikifuatana kwenye albamu, msikilizaji atazisikia kama wimbo mmoja usiokwisha. Mbili tatu zibaki, nyingine zibadilishwe au zisubiri.

Kwa albamu ya kawaida chagueni nyimbo 10 hadi 12, jumla ya dakika 35 hadi 45, na mrekodi 2 au 3 za ziada. Daima kuna wimbo mtamu sebuleni ambao ukifika studio unakataa. Kama mna nia ya kutoa santuri, fikirini mapema: santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika hukaa vizuri ikibeba dakika 18 hadi 22 kila upande. Mkizidisha, mifereji hubanana na sauti inabidi ipunguzwe. Na kadiri sindano inavyokaribia kitovu ndivyo herufi kali kama "s" na "sh" zinavyoanza kukwaruza, kwa hiyo wimbo wa kufunga kila upande uwe mtulivu.

Zile demo zako zilizopambwa usizifute. Mpe prodyuza akishasikia toleo tupu, maana huenda kuna mlio mmoja humo ambao ndio roho ya wimbo. Ila acha kuzisikiliza kila siku. Demo ukiizoea sana, unayapenda hata makosa yake, na chochote kipya kitakuonekea kigeni.

SWALI: Mimi hutunga usiku, watu wamelala, kwa sauti ya chini. Nikisimama kuimba kwa nguvu, viitikio havina moto. Prodyuza anasema tupandishe ufunguo na tuongeze kasi. Naogopa kuipoteza hali ya wimbo.

JIBU: Anayetunga kwa kunong'ona huchagua ufunguo unaofaa kunong'ona, na bila kujua huchagua pia kasi ya kubembeleza. Hofu yako tunaielewa, lakini jambo hili linapimika.

Imba kiitikio mara 5 mfululizo kwa nguvu ileile utakayoitumia kwenye rekodi. Kama mara ya tano koo limebana, ufunguo uko juu mno. Kama hata mara ya tano hujasikia kazi yoyote, uko chini. Sogea nusu toni moja baada ya nyingine na kila hatua uirekodi. Kapo, kile kibanio cha kufunga shingoni mwa gitaa, inarahisisha: ukiiweka kwenye freti ya 2, vidole vilevile vya G vinatoa A. Ukitaka kushuka, legeza nyuzi zote sita kwa nusu toni au toni nzima. Usichague siku hiyohiyo. Sikiliza kesho yake asubuhi, ikiwezekana pamoja na mtu asiyejua ipi ni ipi.

Ukikuta ubeti unataka ufunguo huu na kiitikio kinataka ule, fahamu kwamba kosa liko kwenye mahadhi: umeachanisha mno noti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Pandisha mwanzo wa ubeti kwa noti mbili tatu, au ushushe kilele cha kiitikio. Hii ni kazi ya mtunzi, haitibiki kwa kapo wala kwa mashine.

Yote haya yaishe kabla gitaa la kwanza halijarekodiwa. Programu zinaweza kuhamisha gitaa lililokwisha kurekodiwa kwa nusu toni hivi, lakini ukizidisha hapo mlio wa mbao unageuka, nyuzi zinasikika kama za plastiki, na aliyepiga besi na aliyepiga kinanda wote wanaitwa upya.

Kuhusu kasi, imba bila metronomu (kifaa cha kugonga mapigo ya kasi), rekodi, halafu hesabu mapigo ya ubeti na ya kiitikio kila kimoja peke yake. Mara nyingi kiitikio kitakuwa kimekimbia kwa mapigo 2 hadi 4. Usijilaumu, ndivyo mwili unavyoimba ukipandwa na hisia. Mwambie prodyuza aipange metronomu ifuate hivyo: ubeti 84, kiitikio 86. Jaribuni pia mapigo 3 juu na 3 chini ya kasi uliyoizoea. Hakimu ni ule mstari wenye maneno mengi kuliko yote: utamkike wote na bado upate pa kuvuta pumzi.

Kuna wimbo usiokubali metronomu hata kidogo. Huo urekodiwe bila hiyo, ila mjue gharama yake. Kukata kipande cha mkupuo mmoja (wimbo ulioimbwa mara moja kwenye rekodi) na kukiunga na mwingine kutakuwa kugumu, na mpiga ngoma atakayekuja baadaye itabidi akariri kila unapochelewa na kila unapowahi.

SWALI: Tukiwa kazini prodyuza alibadilisha mahadhi ya kiitikio changu akaongeza na mistari miwili. Wimbo umependeza. Sasa anasema na yeye ni mtunzi, wakati ada yake nimeshamlipa. Ni haki?

JIBU: Ndugu yetu, hapo umechanganya vitu viwili ambavyo kila mwimbaji lazima avitenganishe. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi. Kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa, ambayo wengi tunaiita masta. Ada uliyolipa ni ya kutengeneza rekodi. Haikununua mchango wake katika utunzi. Aliyeandika mistari na kugeuza mahadhi ameingia kwenye utunzi, na anastahili fungu. Kiasi gani, hilo ni la kukubaliana.

Ingekuwa amepanga ala tu, akachagua mlio wa ngoma na kuamua besi iingie ubeti wa pili, kwa muziki wa gitaa na sauti asingehesabiwa mtunzi. Lakini kwenye muziki unaojengwa juu ya biti, mwenye biti mara nyingi hudai sehemu ya utunzi, hata nusu. Mazoea yanatofautiana kiasi hicho, ndiyo maana msiyategemee.

Fanyeni hivi siku ileile wimbo unapobadilika, kabla ya mtu kuondoka: karatasi moja yenye jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya kila aliyechangia, asilimia ya kila mmoja, na sahihi. Jumla iwe 100 kamili. Wawili wakisajili wimbo mmoja kwa asilimia zinazogongana, mfano wewe 80 na yeye 50, mirabaha husimamishwa mpaka mpatane, na hiyo inaweza kuchukua muda mrefu. Katika nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, hakimiliki haihitaji usajili ndipo iwepo. Kinachokosekana kwenye magomvi haya ni ushahidi wa nani alifanya nini, na karatasi ile ndiyo ushahidi.

Na kwa kuwa barua nyingine tatu zimeuliza mkataba wa prodyuza uwe na nini, tuseme hapahapa. Ada yake ni ya kila wimbo, ya siku, au ya albamu nzima? Kawaida nusu hulipwa mwanzoni na nusu akikabidhi. Anapata fungu la mapato ya rekodi? Kimazoea ni asilimia 3 hadi 5, na mkataba useme kama linahesabiwa tangu mapato ya kwanza au baada ya gharama kurudi. Masta ni ya nani? Miksi, yaani ala na sauti zikishachanganywa pamoja, itarekebishwa mara ngapi ndani ya ada hiyohiyo? Mwisho, na hili ndilo linalosahaulika zaidi: akabidhi faili zote za kazi, zikiwa na kila ala peke yake, si miksi iliyokamilika tu. Wanamuziki wa kukodiwa nao wasaini ridhaa kabla hawajaanza kupiga. Kumtafuta mpiga fidla mwaka mmoja baadaye ili asaini ni mateso.

Kwa huo wimbo wako, kaeni wiki hii kabla haujatoka. Wimbo ambao bado haujaleta fedha hugawanywa kwa utulivu.

SWALI: Niimbe na kupiga gitaa kwa wakati mmoja, au nianze na gitaa kisha sauti?

JIBU: Jaribuni vyote kwa wimbo mmoja mmoja. Waimbaji wengi wanaojipigia, gitaa lao hupumua pamoja na sauti. Wakitenganishwa, gitaa linakuwa sahihi na baridi. Kwa wimbo wa kusimulia tungeanza na kurekodi kwa pamoja.

Gharama yake ni kwamba sauti itaingia kwenye maiki ya gitaa, na gitaa kwenye maiki ya sauti. Ukikosea neno moja, huwezi kulirekebisha peke yake, maana gitaa limeng'ang'ania humohumo. Tatizo la pili ni la fizikia. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde 1. Kinywa kikiwa mbali na maiki moja kwa sentimita 34 zaidi ya nyingine, mawimbi yale mawili yakichanganywa yanafutana kwenye hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea, na sauti inasikika nyembamba kama inatoka kwenye bomba. Dawa bora ni maiki mbili zenye umbo la nane, zile zinazosikia mbele na nyuma lakini ni viziwi ubavuni. Ubavu wa maiki ya sauti uelekezwe kwenye gitaa, na ubavu wa maiki ya gitaa uelekezwe kinywani. Kama huna hizo, hakikisha umbali wa kutoka kinywani hadi maiki ya gitaa ni angalau mara 3 ya ule wa kutoka kinywani hadi maiki ya sauti.

Mkirekodi gitaa peke yake, anzieni sentimita 20 hadi 30 mbele ya freti ya 12, maiki ikigeuzwa kidogo kuelekea pale shingo inapoungana na mwili. Msiielekeze kwenye tundu. Hewa ndani ya gitaa lenye nyuzi za chuma hutikisika zaidi karibu na hezi 100, na huo mngurumo huja kupigana na besi kwenye miksi. Ikisikika nyembamba, isogezeni upande wa daraja kwa sentimita 5 tu kila mara huku mtu mwingine akisikiliza. Nyuzi mpya zifungwe siku moja kabla ili zimalize kujivuta, na gitaa lipangwe sauti kabla ya kila mkupuo, hata kama linaonekana halijatetereka. Gitaa lililoteleza kidogo si rahisi kulirekebisha kwa mashine kama sauti ya mtu, kwa kuwa nyuzi sita zinateleza kila moja kwa kiasi chake.

SWALI: Bajeti yetu inatosha studio kwa ala tu. Sauti nitarekodi nyumbani. Chumba kina mwangwi. Nimebandika trei za mayai ukutani bila mafanikio.

JIBU: Zibandue. Trei za mayai ni nyepesi mno kumeza sauti. Tumia vitu vizito: mablanketi, magodoro, kabati lililojaa nguo. Na mahali pa kuviweka watu wengi wanapakosea. Maiki ya kuimbia husikia mbele yake, yaani upande ulipo wewe na ukuta ulio mgongoni mwako. Kwa hiyo mzigo mkubwa uwe nyuma yako, kisha ubavuni kote kuwili, na juu kama dari ni tupu. Usisimame katikati kamili ya chumba wala konani, maana huko besi hujikusanya au hupotea.

Simama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, kichuja pumzi kikiwa katikati. Ukisogea hadi sentimita 5 sauti inanenepa chini. Inavutia ukiwa peke yako, lakini kila ukigeuza kichwa unene unabadilika. Ubora wa kurekodi kwenye kompyuta uwekwe biti 24 na kilohezi 48, au kiwango kilekile alichotumia prodyuza, muulize. Vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -10 na -6, visiguse sifuri. Kuhusu ile sauti inayochelewa masikioni: bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia) ikiwa sampuli 512, kuingia na kutoka kunafika zaidi ya milisekunde 20 na utaimba ukiburuzwa. Shusha hadi 128 na uzime plagini nzito, zile programu ndogo za kupamba sauti, wakati wa kurekodi.

Tuma dakika moja ya majaribio kwa prodyuza kabla hujarekodi albamu nzima. Mngurumo wa jokofu ukigunduliwa wimbo wa kwanza ni neema.

SWALI: Wimbo mmoja nimeuimba zaidi ya mara 40 na kila mara unazidi kuharibika. Prodyuza anasema "mara moja tena" tu. Je, ni mimi au ni yeye?

JIBU: Baada ya mara 40 ni uchovu, na prodyuza alipaswa kuuona mapema. Koo la mwimbaji lina saa 2 hadi 3 nzuri kwa siku, na humo ndani wimbo mmoja hutoa mikupuo 4 hadi 6 yenye uhai. Inayofuata hiyo huwa sahihi zaidi na tupu zaidi, kwa kuwa umeacha kusimulia na kuanza kujikagua.

Angalieni hedifoni kwanza. Nusu ya matatizo ya kuimba studio yako humo. Ukijisikia kwa mbali, utapiga kelele na mara nyingi utapanda juu ya noti. Ukijisikia kwa nguvu mno, utajizuia na kushuka chini yake. Ukijazwa mwangwi mwingi hutajua unaangukia wapi. Wengi husaidika kwa kuvua sikio moja, lakini hedifoni iliyovuliwa ibanwe kichwani, la sivyo metronomu itavuja hadi kwenye maiki na kusikika kwenye ile sehemu tulivu ya mwisho. Ombeni pia gitaa au kinanda kipandishwe kuliko ngoma. Mwimbaji hushika noti kwa kusikia ala zenye noti.

Mpango wa kazi tunaoupendekeza ni huu. Pasha koo dakika 15 hadi 20. Imba wimbo mzima mara 4 bila kukatishwa na bila kusikiliza katikati. Pumzika dakika 10, maji yasiyo baridi. Kisha wewe na prodyuza, kila mmoja na karatasi yake yenye mashairi, msikilize mkupuo baada ya mkupuo mkiweka alama kwenye kila mstari. Alama iliyo juu iwe ya mstari uliousadiki, hata kama noti imeyumba kidogo. Mkilinganisha karatasi mtakuta mistari mingi mmekubaliana, na imebaki 3 au 4 isiyo na toleo zuri. Rudi uimbe hiyo tu, ukianzia mstari mmoja nyuma ili pumzi na hasira, au upole, viungane.

Wakati wa kuunga vipande, pumzi zisifutwe. Ukiondoa pumzi zote msikilizaji anaanza kukosa hewa bila kujua kwa nini. Kata kabla ya pumzi, si baada yake. Programu ya kunyoosha noti itumike kwenye noti iliyoteleza, siyo kwenye wimbo mzima: kule kupanda kwa kuteleza kutoka noti hadi noti ndiko kunakoitambulisha sauti yako, na mashine ikikazwa hunyoosha hata hiyo. Mwombe prodyuza aandike alipogusa.

Na ujifunze kumwambia "leo basi". Prodyuza mzuri hatachukia.

SWALI: Nikisikiliza miksi najua kuna kitu hakiko sawa lakini nashindwa kusema. Nikimwambia "haina hisia" ananikasirikia.

JIBU: Mwambie muda na kitu: "Dakika 1:42, neno la pili la mstari halisikiki." "Kiitikio cha pili ngoma inafunika gitaa." Andika yote kwenye ujumbe mmoja, siyo jumbe kumi na moja usiku kucha. Kabla ya kuandika, sikiliza kwenye spika, kwenye hedifoni, na kwa sauti ya chini kabisa kutoka chumba cha pili. Usipoyasikia maneno kutoka chumba cha pili, sauti iko chini kweli. Ukilinganisha na wimbo wa mtu mwingine, kwanza sawazisha ukubwa wa sauti kwa mkono, maana sikio hudhani chenye kelele zaidi ndicho kizuri zaidi. Tahadhari moja: watunzi husikia sauti yao wenyewe kuwa chini wanapoikubali na juu wanapoionea aibu. Muulize mtu asiyejua mashairi.

Wakati wa kukabidhi omba matoleo manne ya kila wimbo: miksi yenyewe, miksi yenye sauti iliyopandishwa kwa desibeli 1, ala bila sauti, na sauti peke yake. Kuyatoa siku hiyo ni dakika chache. Kuyadai miaka miwili baadaye, pengine kompyuta ile haipo tena.

SWALI: Masta iwe na nguvu kiasi gani? Nimesoma -14, wengine wanasema -8.

JIBU: Spotify husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoisikia) na Apple Music kwenye -16. Maana yake masta ya -8 itashushwa kwa desibeli 6 au 8, na utabaki na ubanifu wake bila ile nguvu. Kwa muziki wa sauti na gitaa, hakuna sababu ya kuua tofauti kati ya ubeti wa kunong'ona na kiitikio. Kati ya -14 na -11 kunatosha, kilele halisi kisizidi desibeli -1, maana wimbo unapobanwa kuwa faili ndogo vilele hupanda kidogo. Lakini namba isitangulie sikio. Wimbo wa kubembeleza ukisukumwa ufikie namba sawa na wimbo wa ngoma, utasikika kana kwamba mwimbaji amesimama usoni pako. Nguvu zipangwe kwa albamu nzima, sauti ya mwimbaji ikikaa umbali uleule kutoka wimbo hadi wimbo.

Mpelekee anayemasta, yaani anayeipa albamu sauti yake ya mwisho, faili za WAV za biti 24, bila limita (kibana vilele) kwenye mkondo mkuu, na mpangilio wa nyimbo pamoja na sekunde za ukimya unazotaka katikati. Kila rekodi ipate nambari yake ya ISRC, nambari ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Toleo la gitaa tupu la wimbo uleule ni rekodi nyingine, nalo lipate nambari yake.

SWALI: Diski ya prodyuza imekufa na nyimbo zetu mbili. Tuzuie vipi isijirudie?

JIBU: Poleni sana. Nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya intaneti. Kila jioni kabla ya kuzima taa, siyo mwisho wa wiki, na moja kati ya hizo uondoke nayo wewe. Albamu ikikamilika, kila ala itolewe kama faili ya WAV inayoanzia sekunde sifuri, hata kama tarumbeta inalia dakika ya tatu tu. Hapo programu yoyote, ya leo au ya baadaye, itazipanga sambamba bila kuhitaji ile iliyotumika kurekodi. Pamoja nazo weka karatasi ya kasi, ufunguo na mashairi ya kila wimbo. Kisha fungua nakala moja kwenye kompyuta nyingine na usikilize wimbo mmoja mpaka mwisho, ili ujue kuwa ni nzima.